Wilberforce na deni la uchaguzi

Mwaka 1780, katika mji wa bandari wa Hull, kaskazini mwa Uingereza, kura ilikuwa na bei, na kila mtu aliijua. Mchaguzi mkaaji wa mji alipewa gini mbili, sarafu za zahabu za wakati ule. Mji ulituma wabunge wawili, kwa hiyo kila mchaguzi alikuwa na kura mbili. Kama alikubali kumpigia kandida mmoja tu na kuiacha kura ya pili, alipewa gini nne. Wachaguzi waliokwisha kuhamia London walilipiwa safari, karibu pauni 10 kila mtu. Sheria ilikataza kununua kura, lakini watu walikuwa wamepata njia ya kuizunguka. Feza haikutolewa siku ya uchaguzi. Ilitolewa baada ya siku ya mwisho ya kupeleka mashitaka kupita, na hapo hakuna aliyeweza kushitaki tena.

Kandida aliyeshinda Hull mwaka ule alikuwa kijana wa miaka 21. Alitumia zaidi ya pauni 8,000, akapata kura 1,126, hesabu iliyolingana kabisa na kura za wapinzani wake wawili zikiunganishwa. Jina lake ni William Wilberforce.

Wapendwa, makanisa yetu yanamkumbuka mtu huyu kama mkristo aliyepigana miaka mingi mpaka Uingereza ikakataza biashara ya watumwa. Sehemu hiyo tunaihubiri mara nyingi. Sehemu ambayo hatuisemi sana ni kwamba aliingia katika Bunge kwa mlango wa feza, na kwamba ilimpasa kujifunza polepole namna ya kuwa huru nayo. Tumeona vema kuisimulia hapa, kwa sababu sisi wa mashariki tunaujua mlango ule.

Kijana tajiri na rafiki zake

Wilberforce alizaliwa Hull tarehe 24 Agosti 1759. Baba yake alikuwa mfanya biashara aliyeuza na kununua mali na inchi za bahari ya Baltiki. Baba alikufa mtoto akiwa bado mdogo, naye akapelekwa kuishi kwa ndugu wa baba yake na mke wake karibu na London. Hao walikuwa watu wa uamsho, na huko mtoto alimsikia John Newton, aliyekuwa zamani kapiteni wa meli za watumwa kabla ya kuwa mchungaji. Lakini mama yake aliogopa kwamba mwana atakuwa Mmetodisti, akamrudisha nyumbani. Mbegu ilibaki, lakini miiba ilikua juu yake. Katika masomo yake ya Cambridge alijulikana kwa sauti nzuri ya kuimba, maneno ya kuchekesha, na meza iliyojaa chakula kwa kila rafiki. Urizi wake ulimtosha asifanye kazi maisha yote.

Rafiki yake wa karibu alikuwa William Pitt, ambaye alipata kuwa waziri mkuu mwaka 1783 akiwa na miaka 24 tu. Mwaka uliofuata Wilberforce aliacha kiti cha Hull, akachaguliwa mbunge wa Yorkshire, eneo kubwa kuliko yote ya Uingereza. Mara hii kura hazikupigwa: wapinzani walipohesabu watu waliomwunga mkono na feza zilizoahidiwa, waliondoka kabla ya siku yenyewe.

Hapo Mungu alimfuata njiani. Katika safari ya Ulaya mwaka 1784 na 1785, Wilberforce alisoma kitabu cha mchungaji Philip Doddridge pamoja na rafiki yake Isaac Milner, kisha wakasoma Agano Jipya katika Kigiriki. Alirudi akiwa na moyo uliovunjika. Mwezi wa Desemba 1785 alikwenda kwa siri kumwona mzee Newton. Alifikiri kwamba mtu aliyeokoka hana budi kuiacha siasa. Newton alimshauri abaki mahali alipo, kwa kuwa Mungu anaweza kumtumia pale pale.

Ndugu, shauri lile lilikuwa zito. Ilikuwa rahisi zaidi kumwambia aondoke kati ya watu wachafu. Newton alimwambia abaki, na kubaki kulimlazimisha kujibu swali gumu: mkristo atakaaje katika nyumba ambayo karibu kila mlango wake unafunguliwa kwa feza?

Namna deni lilivyofanya kazi

Ili kuelewa swali lile, tutazame namna Bunge la wakati ule lilivyokuwa. Mbunge hakupata mshahara. Mshahara wa wabunge wa Uingereza ulianza mwaka 1911 tu. Lakini kiti kilikuwa na bei kubwa. Kulikuwa na vijiji vilivyobaki na wachaguzi wachache sana, ambavyo bado vilituma wabunge wawili. Mwenye mashamba ya kijiji ndiye aliyechagua mbunge, na mara nyingi aliuza kiti kama mtu anavyouza ng'ombe. Mwenye kununua alijua atakavyorudisha feza yake: kazi ya serikali kwa ndugu yake, mkataba wa kuuzia jeshi chakula, malipo ya kila mwaka kutoka sanduku la serikali, au kura ya kulinda biashara ya mwenye kumlipia.

Hapo ndipo tunaona kwamba feza ya uchaguzi ni deni. Mchaguzi anafikiri amepewa zawadi. Kwa kweli amekopeshwa, na mwenye kukopesha atakuja kulipisha katika Bunge, mahali ambapo mchaguzi hayupo.

Wilberforce aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1785 alimwunga mkono Pitt aliyetaka kuondoa viti vya vijiji 36 vya namna ile na kuwapa watu wa maeneo makubwa. Pitt alikubali hata kutoa pauni milioni moja kwa wale ambao wangepoteza viti, kwa sababu wenyewe waliviona kuwa mali yao. Bunge lilikataa kwa kura 248 juu ya 174. Mwaka 1786 Wilberforce alileta mwenyewe sheria ya kubadilisha kidogo kanuni za uchaguzi. Wabunge waliipokea, lakini baraza la mabwana wakubwa likaikataa. Na juu ya zile gini za Hull, alipokwisha kuongoka aliona kwamba ni heri kukosa kiti kuliko kukipata tena kwa njia ile.

Feza ya sukari

Mwaka 1789 alisimama mara ya kwanza katika Bunge kusema juu ya biashara ya watumwa. Alikuwa na ushahidi mwingi kutoka kwa Thomas Clarkson na wengine waliotembea bandarini wakiuliza mabaharia. Watu wa Uingereza walianza kusikia na kuhuzunika. Pamoja na hayo, mwaka 1791 Bunge lilimkatalia kwa kura 163 juu ya 88. Mwaka 1796 alikosa kwa kura nne tu, 74 juu ya 70.

Kwa nini ukweli uliojulikana vile haukushinda? Sababu zilikuwa nyingi, na vita na Ufaransa ilikuwa moja kubwa. Lakini feza ya sukari nayo ilikuwa imekaa ndani ya Bunge. Wenye mashamba ya visiwa vya Karibi na wafanya biashara wa Liverpool na Bristol walikuwa na viti vyao, na rafiki zao walikuwa na viti vingine. Mtumwa aliyefungwa ndani ya meli hakuwa na kura. Sukari ilikuwa nazo. Wilberforce alirudia hoja yake karibu kila mwaka, na baada ya muda wengine walichoka kumsikiliza. Ushindi ulikuja mwaka 1807: tarehe 23 Februari wabunge walipiga kura 283 juu ya 16, na tarehe 25 Machi ikawa sheria.

Usiku wa tarehe 8 Aprili 1805

Kabla ya ushindi ule alipimwa mahali pengine, palipomwumiza zaidi. Bwana Melville, rafiki mkubwa wa Pitt na mkuu wa mambo ya jeshi la maji, alishitakiwa. Alipokuwa mtunza feza wa jeshi lile, msaidizi wake alikuwa ametoa feza za inchi na kuzitumia kwa faida yake mwenyewe katika benki ya watu binafsi, naye Melville aliacha jambo lile lifanyike.

Pitt alimtetea Melville kwa nguvu zote. Usiku ulipokuwa umeendelea sana, Wilberforce alisimama. Pitt alimtazama akitumaini kwamba rafiki wa miaka zaidi ya 20 hatamwacha. Wilberforce alisema kwamba feza ya watu wote haiwezi kulindwa kama wabunge wanafumba macho kwa ajili ya urafiki, akawaomba wamhukumu Melville. Kura zilihesabiwa: 216 kila upande. Msimamizi wa Bunge alibadilika rangi ya uso, akanyamaza kwa muda, kisha akapiga kura yake kumpinga Melville. Melville aliacha kazi. Mwaka uliofuata baraza la mabwana lilimwondolea mashitaka, lakini hakurudi tena serikalini.

Tunapenda wasomaji wetu watazame jambo hili vizuri. Mtu anaweza kukataa feza ya mgeni na kushindwa kukataa uso wa rafiki. Wengi wanaosema kwamba hawajapokea hata faranga moja wamefungwa kwa kamba nyingine: aliyewapa kazi, aliyelipa masomo ya mtoto wao, mtu wa kabila lao. Wilberforce hakumchukia Pitt. Urafiki wao uliendelea mpaka Pitt alipokufa Januari 1806. Lakini usiku ule urafiki haukununua kura yake.

Siku 15 za York

Wiki chache baada ya biashara ya watumwa kukatazwa, Bunge lilivunjwa na uchaguzi mpya ukaitishwa. Yorkshire ilikuwa na viti viwili na makandida watatu. Wa kwanza alikuwa Wilberforce. Wa pili alikuwa Bwana Milton, kijana wa miaka 21, mwana wa bwana Fitzwilliam mwenye mashamba makubwa. Wa tatu alikuwa Henry Lascelles, wa jamaa ya Harewood iliyotajirika kwa sukari ya Barbados. Jamaa hizi mbili zilikuwa tayari kutumia feza bila kuhesabu.

Kura zilipigwa katika mji mmoja tu, York, kwa muda wa siku 15, kuanzia tarehe 20 Mei. Hapakuwa na kura ya siri: kila mchaguzi alitamka jina la kandida wake mbele ya watu wote. Wengi walitoka mbali sana, na desturi ilikuwa kwamba kandida analipa magari ya farasi, chakula, pombe na mahali pa kulala. Watu wa Milton na wa Lascelles walikodi mapema magari na farasi wa kila barabara. Siku za kwanza Wilberforce alikuwa wa mwisho katika hesabu, na watu walianza kusema kwamba amekwisha.

Kisha watu wake walianza kufika. Wengine walikuja kwa miguu, wengine juu ya punda, wengine katika magari ya kubebea mavuno, wengine kwa mashua wakipandisha mto. Wengi walijilipia safari na chakula. Mwishoni hesabu ilikuwa hivi: Wilberforce kura 11,806, Milton 11,177, Lascelles 10,989. Mwana wa jamaa ya sukari alibaki nje.

Sasa tulinganishe matumizi. Milton na Lascelles pamoja walitumia karibu pauni 200,000. Rafiki na wachaguzi wa Wilberforce walikuwa wamechanga zaidi ya pauni 64,000 kwa ajili yake. Zilitumika kama 28,000, na zilizobaki zikarudishwa kwa waliochanga.

Mtu anaweza kusema kwamba pauni 28,000 ni feza nyingi bado. Ni kweli. Lakini tuulize zilitoka wapi. Hazikutoka kwa bwana mmoja ambaye angekuja kesho kumwambia namna ya kupiga kura. Zilitoka katika mikono mingi, na garama nyingine ilibebwa na miguu ya wachaguzi wenyewe. Mkulima aliyetembea mpaka York kwa chakula chake alimnunulia mbunge wake uhuru. Katika miaka yake 45 ya Bunge, Wilberforce hakuwa waziri hata siku moja. Aliunga mkono serikali siku nyingine na kuipinga siku nyingine, na hakuna aliyeweza kumwonyesha daftari ya deni.

Mahali ambapo feza ilibaki na nguvu

Tusimfanye kuwa malaika. Mwaka 1812, akiwa amechoka, afya ikiwa zaifu na watoto sita wakimhitaji nyumbani, aliacha kiti cha Yorkshire. Alipokea kiti cha Bramber, kijiji kidogo chenye wachaguzi wachache, ambacho kilikuwa mkononi mwa Bwana Calthorpe, ndugu wa mke wake. Hakukinunua, wala Calthorpe hakumwekea masharti. Hata hivyo kilikuwa kiti cha namna ile ile ambayo yeye na Pitt walitaka kuiondoa mwaka 1785. Alikaa nacho mpaka alipoondoka katika Bunge mwaka 1825.

Na hata ushindi wa mwisho ulilipiwa. Mwezi wa Julai 1833 alisikia akiwa kitandani kwamba sheria ya kuwaachilia watumwa katika makoloni ya Uingereza itapita. Alikufa siku tatu baadaye, tarehe 29 Julai. Sheria ile iliwapa wenye watumwa pauni milioni 20 za kufidia hasara yao. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu.

Wilberforce mwenyewe hakufa tajiri. Alipokuwa kijana bila mke alitoa robo ya mapato yake au zaidi kwa maskini, na katika uzee mwana wake mkubwa alipoteza mali nyingi katika biashara ya maziwa. Baba alibeba hasara, akaacha nyumba yake, akaishi kwa wanawe wawili waliokuwa wachungaji. Mazishi yake yalifanyika Westminster Abbey, karibu na rafiki yake Pitt.

Kura ya siri ilikuja mwaka 1872, na sheria ya kuweka mpaka wa matumizi ya kila kandida mwaka 1883, miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi ya kupunguza nguvu ya feza ilipita maisha ya mtu mmoja.

Na sisi?

Neno la Mungu katika Kutoka 23 na Kumbukumbu la Torati 16 linafundisha kwamba rushwa inapofusha macho ya wenye hekima na kuharibu kesi ya wenye haki. Katika 1 Samweli 12 mzee Samweli anasimama mbele ya taifa zima na kuuliza ni kwa nani alipokea kitu ili afumbe macho, na watu wanajibu kwamba hakupokea kitu. Lakini sura ya 8 ya kitabu kile inatuonyesha wana wake wakipokea rushwa. Usafi hauriziwi. Kila kizazi kinauchagua tena.

Kwetu tunaijua bei ya kura. Ni sabuni, chumvi, tisheti, kikwembe, chupa ya pombe. Wakati mwingine ni manjanja kwa paa la kanisa, na kandida anaketishwa kiti cha mbele na kupewa nafasi ya kusalimia waamini. Baada ya uchaguzi tunalalamika kwamba mbunge hajarudi. Kwa nini arudi? Kwake deni letu lilikwisha siku ile ya sabuni. Sasa anashughulika na deni la wale waliomkopesha. Machi 2019 inchi yetu iliona maseneta waliochaguliwa na wabunge wa majimbo wakizuiwa kwa muda kuanza kazi, kwa sababu ya mashitaka kwamba kura ziliuzwa. Tulishangaa. Lakini mbunge aliyenunua kura zetu, kwa nini asiuze yake?

Hatuwezi kuhubiri tu kwamba waamini wasipokee. Mama mwenye njaa haachi chumvi kwa sababu ya hubiri moja. Tuanze na sisi wenyewe: wachungaji, wazee wa kanisa na mashemasi. Paa la kanisa lisijengwe kwa feza ya kampeni. Mimbara isikodishwe. Kandida akija kuabudu, akae kati ya ndugu, na sadaka yake iingie katika kikapu kama sadaka ya wengine.

Kisha tujifunze kuchanga. Jambo hili si geni kwetu. Watu wetu wanatembea siku nzima kwenda mikutano ya kanisa wakibeba maharagi na kuni kichwani, na hakuna anayewalipa. Kama kati yetu kuna ndugu au dada mwenye haki, anayeijua shida ya watu, lakini hana feza ya kulipa karatasi na safari za kampeni, wanainchi wanaomwamini waweza kuchanga faranga zao kidogo kidogo, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe wala si kwa jina la kanisa, hesabu ikisomwa mbele ya wote na zinazobaki zikirudishwa. Mbunge wa namna hiyo tutakuwa na haki ya kumwita na kumwuliza, kwa kuwa atakuwa amelipiwa na sisi.

Bwana atupe macho yasiyopofushwa, na miguu iliyo tayari kutembea mpaka York yetu. Amina.